Jiko na meza ya kulia ndani ya kempavani: nimepika humo miezi 14

Usiku wetu wa kwanza ndani ya kempavani, gari letu lililogeuzwa nyumba ndogo, mume wangu aliinuka mara tano kabla ya kula. Nilihesabu. Alikuwa amekaa kwenye benchi akingoja tambi, mikono juu ya meza kama mgeni. Nikataka kijiko: droo ya vijiko inafungukia kwenye goti lake, akainuka. Nikataka siagi: mlango wa friji nao unafungukia upande wake, akainuka. Gesi ikakataa kuwaka, kumbe valvu imefungwa, na valvu iko chini ya benchi, chini ya mto alioukalia. Akainuka. Pipa la taka nalo lilikuwa humo humo ndani ya benchi, upande wa pili. Akainuka. Mara ya tano ilikuwa pale nilipogeuka na sufuria ya moto kuipeleka mezani. Hakuna aliyemwambia kitu, alisimama mwenyewe kwa hofu ya kumwagiwa.

Tangu siku hiyo sijali sana uzuri wa kaunta wala wingi wa makabati. Nauliza swali moja tu: aliyekaa anainuka mara ngapi mpaka chakula kifike? Kazi ya karakana iliyotujengea gari nimeipima kwa swali hilo. Anayetaka kusikia habari za rangi ya mbao, nitamwambia tu kwamba ni nzuri, nasi tuendelee.

Gari ni Fiat Ducato ya urefu wa kati na paa la kati. Tuliipenda kwa sababu kuta zake zimesimama karibu wima, kwa hiyo makabati hayapotezi nafasi nyingi kwenye mkunjo wa bati. Upana wa ndani ni mita 1.87, kimo 1.93, na sehemu ya mizigo ina urefu wa mita 3.12. Hayo ni mabati matupu. Fundi alipomaliza kuweka sponji ya kuzuia joto, sakafu na dari, futikamba yangu ilisoma kimo cha mita 1.85. Mume wangu ana mita 1.80. Mimi nina 1.56. Vimo hivi viwili vya mwisho karakana haikuviuliza, na nusu ya manung'uniko yangu yanaanzia hapo.

Mpangilio ni ule uliozoeleka. Viti viwili vya mbele vinazungushwa vikatazama nyuma. Nyuma ya dereva kuna benchi la watu wawili lenye mikanda, na meza katikati. Upande wa mlango wa pembeni ndiko jiko liliko: kabati la urefu wa mita 1.10 na kina cha sentimita 45, juu sinki na gesi ya pleti mbili, chini droo na friji. Kitanda kiko nyuma kabisa na leo hakituhusu. Kati ya kabati la jiko na benchi umebaki ujia wa sentimita 48.

Ujia huo ndio kiini cha kila kitu. Mchoro ulituonyesha kabati limefungwa, na kabati lililofungwa halimsumbui mtu. Lakini droo zetu zinatoka sentimita 40. Ukivuta droo, ujia unabaki na sentimita nane, na mwanadamu hapiti kwenye sentimita nane, hata akivuta tumbo. Mlango wa friji hali kadhalika. Mtu anayechora jiko la gari inabidi achore vitu vyote vikiwa wazi kwa wakati mmoja: droo zimetoka, friji imefunguliwa, viti vimezungushwa, meza imekunjuliwa, na watu wawili wamo ndani. Nilimuuliza fundi kama waliwahi kuchora hivyo. Akajibu, “Mama, tukichora hivyo mteja anaogopa.” Nikamwambia, fundi wangu, bora niogope kwenye karatasi.

Kuna kisa ninachokipenda. Mwaka 1926 msanifu majengo wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko dogo la nyumba za Frankfurt, upana mita 1.9 na urefu 3.4, baada ya kuangalia jinsi wapishi wa mabehewa ya chakula kwenye treni wanavyopika mahali padogo. Majiko kama 10,000 yalijengwa kwa mchoro ule, na mpaka leo linatajwa kama mfano wa jiko dogo. Sasa linganisha na vipimo vya gari letu hapo juu. Sisi tunapika, tunakula na tunalala ndani ya jiko la yule mama, na bado tunapungukiwa. Tena la kwake lilikuwa la mtu mmoja anayefanya kazi. La gari lina mtu wa pili aliyekaa, ana magoti, na ana njaa.

Nianze na sifa, maana zipo. Mwishoni mwa kabati, upande wa mlango, fundi aliweka ubao wa kukunja wa sentimita 40 unaoinuliwa na kushikwa na bawaba mbili imara. Ukiuinua, kaunta inatoka mita 1.10 na kuwa 1.50. Hapo ndipo ninapokatia kila kitu, mlango ukiwa wazi na upepo unanipiga usoni. Ubao huo peke yake nampa nyota tano. Ubaya wake ni kwamba unaziba sehemu ya mlango, kwa hiyo mtu akitaka kutoka nje ghafla lazima nikusanye vitunguu kwanza. Nimeshazoea, na yeye ameshazoea kuuliza.

Sifa ya pili ni makomeo ya droo. Ni yale ya kitufe: unabonyeza kinatoka kinakuwa kishikio, unabonyeza tena kinazama na droo inajifunga. Jirani yetu mmoja wa maegeshoni alifungiwa droo zenye sumaku tu, na kwenye kona ya kwanza vyombo vyote vilihamia miguuni pa dereva. Sumaku ni za kabati la nyumbani, ambalo halipigi kona.

Sasa kaunta yenyewe. Waliiweka sentimita 92 kutoka sakafuni. Nyumbani nyingi huwa karibu na 90, kwa hiyo hawakufanya jambo la ajabu. Lakini kanuni ya zamani ya maseremala ni kumsimamisha mpishi, akunje mkono, upime kiwiko, kisha ushuke sentimita 10 hadi 15. Kwangu inatoka kama 85. Na kumbuka jiko la gesi linakaa juu ya kaunta. Ongeza sentimita tano za jiko, ongeza 15 za sufuria, ukingo wa sufuria unafika karibu na kwapa langu. Nilikuwa nakoroga uji kama mtu anayepiga makasia. Baada ya mwezi wa kuumwa bega tulirudi, wakakata sentimita sita kwenye kitako cha kabati, ile nafasi ya chini inayoachwa kwa ajili ya vidole vya miguu. Vidole vyangu sasa vinagonga ubao, bega limepona. Mume wangu huosha vyombo akiwa ameinama kidogo. Kula anakula amenyooka.

Meza inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndipo karakana ilipokosea kwa namna ambayo hata mimi nisingeiona kabla ya kukaa. Meza iko sentimita 72 kutoka sakafuni, benchi liko 45. Tofauti ni 27, na hapo mtu anakula kwa raha. Ukisogea kwenye 28 au 30 bado ni sawa. Tatizo ni viti vya mbele. Kiti cha gari chenyewe ni kirefu, na kibao cha chuma kinachokizungusha kimeongeza sentimita kadhaa. Kiti changu kikawa 52. Toa kwenye 72: zimebaki 20. Mapaja yangu yalibanwa chini ya meza na miguu ikaning'inia hewani kama ya mtoto darasani. Kwa hiyo watu wawili wanakula meza moja, mmoja yuko sebuleni, mwingine yuko juu ya mti.

Tulijaribu kuinua meza. Aliye kwenye benchi akawa anakula sahani ikiwa usawa wa kidevu. Suluhisho likaja kwa njia mbili. Kwanza tulibadilisha mguu wa meza, tukaweka ule wa chuma wenye mkono unaozunguka na kupanda au kushuka, umefungwa ubavuni mwa benchi badala ya kusimama katikati ya sakafu. Meza sasa inasogea mbele, nyuma na pembeni, na hakuna nguzo ya kugonga goti. Pili, mume wangu alitengeneza sanduku la plaiwudi la kuwekea miguu, ndani yake tunaweka sufuria zisizotumika kila siku. Likihitajika linakuwa kiti cha mtu wa tatu. Meza ilipunguzwa pia, kutoka upana wa sentimita 75 hadi 60, na kona zikaviringwa. Kona za meza ya gari zinakutana na nyonga yako kila unapopita, na nyonga haisahau.

Kitu kingine kuhusu kiti cha dereva: kwenye gari letu hakizunguki mpaka breki ya mkono ishushwe. Maana yake, kabla ya kila mlo, tunaweka gia, tunaweka kabari kwenye tairi, tunashusha breki, tunazungusha kiti. Siku za mvua tunakiacha kinatazama mbele, tunakula wawili kwenye benchi, bega kwa bega, kama abiria.

Kuhusu gesi au umeme, karakana ilitaka kutuuzia jiko la indaksheni, lile la umeme linalopasha sufuria kwa sumaku. Wakasema ni la kisasa, halina moto, halina mtungi. Yote kweli. Nikachukua kalamu. Betri yetu ya lithiamu ni ya volti 12 (kwa usahihi 12.8), saa-ampea 100, yaani takriban wati-saa 1,280. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji wati-saa 93 hata kama hakuna kinachopotea, na ukijumlisha hasara za sufuria na za inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, chai moja inakaribia sehemu ya kumi ya betri. Chai tatu, maharage ya saa moja na nusu, na friji haijaanza kuhesabiwa. Aidha jiko la wati 2,000 linavuta zaidi ya ampea 150 kwenye nyaya za volti 12, na nyaya za kubeba mzigo huo ni nene kama kidole na zinahitaji mtu anayejua anachofanya. Mwenye betri kubwa na sola nyingi paani afanye. Sisi tulibaki na gesi, na sijutii.

Ila gesi ina masharti yake, na hapa karakana ilikuwa makini. Mtungi umo kwenye sanduku lake lililozibwa upande wa ndani, na sakafuni mwa sanduku kuna tundu linalotoka nje, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka, na inatakiwa ipate njia ya kuondoka badala ya kujikusanya chini ya kitanda. King'ora cha gesi kimefungwa chini karibu na sakafu, na kuna kingine cha monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu isiyo na harufu inayotokana na moto. Walitushauri pia tutumie gesi ya propani wakati wa baridi, kwa kuwa ile ya butani ikikaribia nyuzi 0 haitaki tena kugeuka gesi, wakati propani inaendelea hata kwenye baridi ambayo mimi sitakuwepo kuishuhudia.

Wasichosema wengi ni maji. Kilo moja ya propani ikiungua inazaa takriban kilo 1.6 za mvuke. Hujaongeza mvuke wa sufuria yenyewe, wala pumzi za watu wawili. Asubuhi za mwanzo vioo vilikuwa vinatiririka na mto wa benchi una unyevu kwa chini. Feni ya paani iko juu ya kitanda, mahali pazuri kwa kulala na pabaya kwa kupikia; mvuke unapita juu ya meza, juu ya mito, ndipo ufike kwenye feni, na harufu ya vitunguu inalala na sisi. Hili sijalirekebisha, maana kutoboa paa mara ya pili kunanitia hofu. Ukijenga, feni iwe juu ya jiko au karibu nalo, na dirisha dogo lifunguke upande wa pili ili hewa iwe na pa kuingilia. Nyota mbili hapo.

Friji ni ya kompresa ya volti 12, haijali gari likiegeshwa kwenye mteremko kidogo. Mlango wake tuliugeuza wenyewe kwa bisibisi, dakika 20, bawaba zikahamia upande wa pili. Matundu ya skrubu yalikuwepo tayari kutoka kiwandani! Hakuna aliyefikiria kuuliza mlango ufungukie wapi.

Sinki nitalibadilisha hivi karibuni. Ni duara la sentimita 30, kina 12, zuri kwenye picha. Kikaango hakiingii, na maji yanaruka mpaka kwenye gesi. Sinki la mraba lenye kina cha sentimita 18 lingekula nafasi ya droo moja ya juu, na ningeitoa droo hiyo kwa moyo mmoja. Bomba ni la pampu ya umeme, na wiki ya kwanza tulimaliza tangi la lita 70 kwa siku tatu bila kuoga mtu. Tukaongeza pampu ya kukanyaga kwa mguu. Mguu ukichoka maji yanakoma, na tangi lile lile sasa linafika siku sita. Halafu lita moja ni kilo moja: tangi likijaa ni kama umebeba mtu mzima wa ziada, kwa hiyo liwe karibu na ekseli, lisiwe nyuma kabisa ya gari.

Uzito ndio unaonifanya niwasamehe mambo mengine. Gari letu lina kikomo cha kilo 3,500 pamoja na kila kilichomo, na haba na haba hujaza kibaba. Plaiwudi ya mti wa mbetula ya milimita 18 ina kama kilo 12 kwa mita ya mraba. Ya mti wa mpopla ya milimita 15 ni karibu nusu ya hapo. Walitumia mpopla kwenye milango na kuta za makabati, mbetula kwenye kaunta tu na mahali pa kufungia bawaba. Tulipopita kwenye mizani tukiwa na maji, mafuta, vyombo na sisi wenyewe, tulibakiwa na kilo 140. Rafiki aliyejengewa kwingine, kabati zote chipubodi, alizidisha kabla hajapakia hata godoro, na chini ya sinki lake ubao tayari umevimba kama mkate.

Vyombo vinalia njiani. Kitambaa cha mpira chini ya sahani, taulo kati ya sufuria, kwisha.

Mahali pekee ambapo jiko hili lina akili kuliko nilivyotegemea ni kwamba gesi ya pleti mbili haikujengewa moja kwa moja kwenye kaunta. Inakaa kwenye kishimo, ina mpira wenye kiungio cha kuchomoa, na ubavuni mwa gari karibu na mlango kuna kiungio cha pili. Siku za jua ninaitoa nje na kupika nimesimama chini, huku kaunta yote ikibaki ya kukatia. Wazo ni la zamani: kampuni ya Ujerumani ya Westfalia ilipoanza kutengeneza sanduku la vifaa vya kambi la kuweka ndani ya gari la Volkswagen mwaka 1951, lilikuwa la kutolewa nje. Siku tunazopikia nje, hakuna anayeinuka hata mara moja, kwa sababu hakuna aliyekaa.

Basi kwa ujumla nyota tatu. Useremala tano, gesi tano, kusikiliza mteja mbili. Tulipowarudia na orodha walikata, wakabadilisha, hawakubisha, na kazi ya kukata kitako hawakutudai. Fundi yule yule alitoboa dirisha dogo kwenye ubao wa mbele wa benchi, sasa mkono unaifikia valvu ya gesi bila kugusa mto. Pipa la taka tulilitundika mlangoni. Vijiko vimehama kutoka kwenye droo, vimo ndani ya kopo ukutani nyuma ya jiko.

Jana usiku nilihesabu tena. Mume wangu ameinuka mara moja tu, pale nilipogeuka na sufuria.

“Kaa,” nikamwambia, “nafasi ipo.”

“Najua ipo,” akasema, amesimama.